Mlingoti wa Goli Hauhitaji Maji ya Baraka



Wapendwa wanaparokia, pamoja nanyi mnaotusoma kila juma mkiwa mbali nasi, juma hili tulikusudia kutafakari Injili ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tumeiahirisha tafakari hiyo kwa sababu kuna neno lililosemwa uani mwa kanisa baada ya Misa, na kwa kuwa lilisemwa mbele ya watu, hatuna budi kulijibu mbele ya watu.

Timu ya vijana wetu ilifungwa. Wengi mlikuwapo. Mchezo uliisha kwa sare, ikaja mikwaju ya penalti, na kijana wetu wa miaka kumi na sita akapiga mkwaju wa mwisho. Mpira ukagonga mtambaapanya, ukarudi uwanjani, na mchezo ukaishia hapo. Dominika iliyofuata mzee wetu mmoja, mtu wa heshima na mwenye moyo wa kutoa katika parokia hii, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba vijana wale walishindwa kwa kuwa hawakuamini. Mwenye imani, alisema, hashindwi. Kijana aliyekosa penalti alikwenda kuupiga mpira akiwa tayari ameshindwa moyoni mwake. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, karibu na mlango wa sakristia, na kanzu yake ya utumishi wa altare mkononi. Leo ni Dominika ya tatu hatujamwona altareni, wala hatujamwona kanisani.

Kwa hiyo hatuandiki kuhusu mpira. Tunaandika kuhusu mafundisho ya uongo yaliyoingia katika nyumba zetu kwa mlango wa michezo, yakavaa nguo za imani, na sasa yanawafukuza watoto kanisani.

Mafundisho hayo tunayajua sote. Yanatolewa na wahamasishaji katika redio na katika semina za kiingilio, yamebandikwa katika vioo vya daladala, na tukubali kwa aibu kwamba yamesikika hata katika mimbari zetu. Yanasema hivi: ushindi huanzia akilini, anayeamini kwamba atashinda hushinda, anayeshindwa alishindwa kwanza katika fikra zake. Ukiyasikia kwa haraka yanapendeza. Nani asiyejua kwamba mwenye hofu hutetemeka mguu, na mwenye mguu unaotetemeka hukosa goli? Lakini sikilizeni vizuri kinachofuata. Ikiwa kila mshindi ameshinda kwa imani yake, basi kila aliyeshindwa ameshindwa kwa kosa la roho yake. Hakufungwa tu, ana kasoro ya utu. Hapo mchezo wa dakika tisini umegeuzwa kuwa hukumu ya mwisho, na mtoto wa miaka kumi na sita amesimamishwa upande wa mbuzi.

Sisi tunapinga. Tunapinga kwanza kwa sababu si kweli, na Kanisa halina haja ya kuwatia moyo watoto kwa jambo lisilo kweli.

Tazameni kilichotokea Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Mtanzania mwenzetu, Alphonce Simbu, aliingia uwanjani akifukuzana na Mjerumani Amanal Petros, mtu aliyezaliwa Eritrea na kufika Ujerumani akiwa mkimbizi angali kijana. Walikuwa wamekimbia kilomita 42 na zaidi. Katika mita za mwisho Petros alikuwa mbele. Simbu akamfikia, wote wawili wakajitupa mstarini, na saa ya kawaida ikawapa muda ule ule mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ndipo ijulikane nani ameshinda. Tofauti yao ilikuwa mia tatu za sekunde, yaani sehemu tatu ukiigawa sekunde moja mara mia. Kupepesa jicho ni kurefu kuliko hapo. Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha, na nchi nzima ilifurahi, nasi tulifurahi.

Sasa mzee wetu atuambie: katika zile mia tatu za sekunde, ni imani kiasi gani iliyompungua Petros? Ni wapi katika kilomita 42 alipokuwa ameshindwa kwanza akilini? Hakuna anayeweza kujibu, kwa sababu swali lenyewe ni la kipuuzi. Watu wawili walitoa vyote walivyokuwa navyo, na mmoja kifua chake kikatangulia. Mwenye kutaka kujenga teolojia juu ya tofauti hiyo na ajenge, lakini asiwaite watoto wetu kuishi ndani ya nyumba hiyo.

Na tusimtazame Simbu kwa siku ile moja tu. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Alipata shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa wa saba. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alikuwa wa kumi na saba. Wa kumi na saba! Laiti angekuwa kijana wa parokia hii, uani mwa kanisa tungekwisha kumzika. Tungesema umri umempita, moyo umepoa, imani imemwishia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, alikuwa wa pili Boston, na mwezi wa Septemba akawa bingwa wa dunia. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuamka asubuhi ya siku inayofuata kushindwa na kufunga kamba za viatu. Uwezo huo hauhitaji mtu ajiambie kwamba atashinda. Unahitaji akubali kwamba jana alishindwa, na kwamba leo kuna mazoezi.

Wahenga wa mwambao huu walilijua jambo hilo kabla wahamasishaji hawajazaliwa, nao walilisema kwa maneno manne: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tunaitumia siku hizi kama pole ya kumpa aliyefungwa, nasi tunaona tumeipunguzia nguvu. Haisemi kwamba kushindwa ni kuzuri. Inasema kwamba asiyeweza kukubali kushindwa hajaingia bado katika mashindano, amesimama nje akicheza na kivuli chake.

Tukifika hapo hatuwezi kumpita John Stephen Akhwari wa Mbulu. Wazee mnamjua, ila tumegundua katika mafundisho ya kipaimara kwamba vijana wetu wengi hawamjui, na hilo ni kosa letu tuliowafundisha. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico lililo juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, alikimbia marathoni ya Olimpiki kwa niaba ya Tanzania. Kabla ya kufika nusu ya safari, wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi, alianguka. Goti lake liliteguka na bega likaumia. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikagawiwa, watu wakaanza kwenda zao, jioni ikaingia. Zaidi ya saa nzima baadaye Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, bandeji ikimning'inia mguuni, mbele ya watu wachache waliobaki. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu, ilimtuma ili amalize.

Wahamasishaji wanaipenda habari hii, nao wanaiharibu. Wanaisimulia kana kwamba inathibitisha mafundisho yao: tazama nguvu za akili! Lakini akilini mwa Akhwari, kuanzia pale alipoanguka, ushindi haukuwapo kabisa. Alijua hatashinda. Alijua hatakuwa wa kumi, wala wa ishirini. Kila hatua aliyopiga tangu hapo ilikuwa hatua ya mtu anayejua ukweli wa hali yake na ambaye hata hivyo anabaki mwaminifu kwa kazi aliyotumwa. Sisi tunakuita huko kuwa mwaminifu, na ni fadhila tofauti kabisa na kujiamini. Mtu anaweza kujiamini sana na asiwe mwaminifu hata kidogo, na tumewaona wengi wa namna hiyo, uwanjani na nje ya uwanja.

Na ili msitudhanie kwamba tunaunda sheria nyingine ya kuwalemea watu, kumbukeni kwamba katika mbio zile zile Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ya Tokyo mwaka 1964, aliacha njiani karibu na kilomita ya 17 kwa sababu ya maumivu ya mguu. Je, Bikila alikuwa mwoga? Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia umbali wa marathoni huko Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, aliacha mbio za Olimpiki ya Paris mwaka 2024 baada ya kilomita 30 hivi. Je, imani yake ilikuwa imekwisha? Kuna siku mwili unakataa. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tena ni wa udongo, na mambo haya mawili tunayakiri kwa pamoja. Anayemfundisha mtoto kwamba mwili utatii kila amri ya akili iliyo na imani anamfundisha uzushi wa zamani sana, wa wale waliodhani kwamba roho ndiye mtu halisi na mwili ni punda wa kupigwa fimbo.

Mtatuuliza: basi Padre, unataka vijana wapende kushindwa? Hapana. Tungependa sana wangeshinda ile penalti. Tulikuwa tumekwisha kumwambia mpishi achinje kuku. Ushindi ni mtamu, na Kanisa halijawahi kuuonea haya. Mtume Paulo, aliyekaa Korintho mwaka na nusu, karibu na mahali ilipofanyika michezo ya Isthmia, aliwaandikia Wakristo wa mji ule kwa lugha ya wanariadha: aliwahimiza wakimbie kama watu wanaotaka tuzo, akawakumbusha jinsi mshindani anavyojinyima katika yote kwa ajili ya taji la majani yanayonyauka. Someni sura ya tisa ya barua ya kwanza. Paulo hamdharau mwanariadha, anamtolea mfano. Ila tazameni anachokisifu kwake. Hasifu hisia za ushindi. Anasifu kujinyima, kujitawala, kuutiisha mwili, yaani mambo yanayofanyika miezi mingi kabla ya siku ya mashindano, mahali ambapo hakuna watazamaji.

Hapo ndipo tunapogusa kile tunachoamini kuwa kiko nyuma ya mafanikio ya kweli ya michezo. Ni tabia, na tabia hujengwa na mambo madogo yanayochosha.

Mwaka 1976 bruda mmoja Mwairishi wa shirika la Mtakatifu Patrisi, Colm O'Connell, alifika Iten katika nyanda za juu za Kenya kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alikuja kwa muda mfupi, akabaki miongo. Shuleni hapo alitoka Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyepata dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Mikononi mwa bruda huyo alilelewa David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012 katika Olimpiki ya London alikimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40 na nukta 91, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, rekodi ya dunia. Waandishi wa dunia nzima walipanda milima kwenda kumwuliza bruda siri yake. Walikuta uwanja wa udongo, vijana wanaotii ratiba, mazoezi yasiyo na haraka, na mzee anayetazama jinsi mtoto anavyoweka mguu chini. Wengine, tunadhani, walirudi wamekata tamaa, maana walitaka siri.

Huyo Kipchoge tuliyemtaja, akiwa tayari tajiri na bingwa wa Olimpiki, aliishi katika kambi ya Kaptagat pamoja na wenzake, akichukua zamu yake ya kufanya usafi, pamoja na kuosha vyoo. Tungependa kuwaona wahamasishaji wa semina za kiingilio wakiiweka zamu ya vyoo katika vitabu vyao.

Hapa Pemba hatuhitaji kwenda Iten kuyajifunza haya. Mpanda mkarafuu anayajua. Karafuu hazichumwi kwa mtazamo chanya. Huchumwa kikonyo kwa kikonyo, juu ya tawi, mtu akiwa na kikapu chake, kisha huanikwa juani na kulindwa mvua. Vijana wetu wa Madungu wamelelewa katikati ya kazi hiyo, wawe Waislamu walio wengi au Wakristo walio wachache, nao wanacheza pamoja jioni katika uwanja mmoja na mpira mmoja. Halafu sisi watu wazima tunawaita pembeni na kuwaambia kwamba mpira, tofauti na karafuu, huamuliwa na imani.

Tunakumbuka Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipoletwa kisiwani kwetu na kuchezwa na timu za taifa. Uwanja wa Gombani ulijaa. Tarehe 13 Januari timu ya taifa ya Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 katika fainali, na usiku ule barabara zetu hazikulala. Wengi walisema: wameshinda kwa kuwa waliamini. Sawa. Lakini rudini nyuma hadi mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka ule Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na mwezi Julai uanachama huo ukaondolewa. Miezi mitano baadaye timu ile ile iliyonyang'anywa nafasi yake ilikwenda Kenya kucheza Kombe la Chalenji, ikaifunga Tanzania Bara, ikaifunga Uganda katika nusu fainali, ikafika fainali dhidi ya Kenya pale Machakos, ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2 baada ya dakika 120, na ikafungwa kwa mikwaju ya penalti 3 kwa 2. Kwa penalti, mzee wetu. Kama kanuni yako ni ya kweli, basi vijana wale wa 2017 walikuwa na imani ya kufunga kila mchezo wa mtoano isipokuwa ile mikwaju ya penalti. Sisi tuliowafuatilia redioni tunasema kwamba timu ya 2017 ilionesha moyo mkubwa kama ule wa 2025, na pengine mkubwa zaidi, kwa kuwa ilicheza ikiwa imetoka kudhalilishwa. Kombe halikuja nao. Moyo ulikuwa ule ule.

Lipo jambo jingine, nalo tunalisema kwa uchungu. Baada ya ile penalti, baadhi yenu mlikuja kutuomba tubariki uwanja, na mmoja akaomba waziwazi tunyunyizie maji ya baraka milingoti ya goli letu ili mpira wa wapinzani usipite. Wapendwa, mnajua katika soka letu kuna kile kinachoitwa kwa mzaha kamati ya ufundi: mayai yanayovunjwa uwanjani usiku, unga unaomwagwa mlangoni, timu inayoruka ukuta kuingia uwanjani kwa kuogopa kupita getini. Tunawacheka. Je, tofauti ya yai lile na maji yetu ni nini, ikiwa tunayatumia kwa kusudi lile lile? Maji ya baraka hutukumbusha Ubatizo, ambamo tulizikwa pamoja na Kristo. Kuyageuza kuwa kizuizi cha mpira ni ushirikina uliotiwa chumvi ya sakristia. Tutawabariki wachezaji, wetu na wa timu pinzani, tukiomba wasivunjike miguu na wasitukanane. Milingoti haitabarikiwa.

Nayo imani ya kushinda kwa gharama yoyote ina mwisho wake, na mwisho huo tumeuona kwa jirani zetu. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata alipimwa akakutwa na dawa ya EPO mwilini, akafungiwa miaka minne, na adhabu hiyo baadaye ikaongezwa hadi miaka minane. Hatumhukumu moyoni, Mungu ndiye aijuaye roho yake, na hatujui ni mikono mingapi ilimsukuma. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mwanariadha wa namna hiyo hukosa nia ya kushinda. Nia ilikuwapo. Mtu akishafundishwa kwamba kushindwa ni kasoro ya utu wake, atatafuta sindano kabla hajakubali kuwa wa pili. Ndiyo maana hati ya Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha kuhusu michezo, iliyotolewa tarehe 1 Juni 2018, iliyaweka matumizi ya dawa, rushwa na kuudhalilisha mwili katika orodha moja ya maonyo. Tuliisoma baadhi yetu, tukaifunga, tukarudi uwanjani kupiga kelele kama kawaida.

Tumesema baadhi yetu, na hatujitoi. Tulipokuwa tukiwaandaa vijana hawa, sisi wenyewe tuliwaambia siku ya kuondoka kwamba wakimtumaini Mungu watarudi na kombe. Tulisema kwa furaha, bila kufikiri, kama baba anavyosema. Walimtumaini Mungu. Hawakurudi na kombe. Ni nani basi aliyempanda kijana yule mbegu ya wazo kwamba ama yeye hakutumaini vya kutosha, ama Mungu hakusikia? Mzee wetu alimalizia sentensi tuliyoianza sisi, na kwa hiyo hatumwandikii kama mtu anayesimama juu yake.

Wala tusikimbilie upande wa pili. Kuna wanaofungwa mabao matano kwa sababu hawakufanya mazoezi, kisha wanasema ni mapenzi ya Mungu. Hayo nayo tunayakataa. Mapenzi ya Mungu yasibebeshwe uvivu wetu. Kocha wetu, ambaye hujitolea bila malipo na ambaye si Mkatoliki, ametuambia kwamba katika juma la kabla ya mchezo ule vijana saba tu kati ya kumi na wanane walifika mazoezini siku zote. Mikwaju ya penalti haikufanyiwa mazoezi hata siku moja. Kijana aliyekosa ni mmoja wa wale saba, na alikubali kupiga mkwaju wa mwisho baada ya wenzake wawili wakubwa kugeuza nyuso zao. Jambo hilo halikusemwa uani mwa kanisa. Tunalisema hapa.

Siku za Ijumaa za Kwaresima tunatembea Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne. Katika vitatu kati ya hivyo, cha tatu, cha saba na cha tisa, Bwana anaanguka. Mapokeo ya Kanisa yangeweza kumfanya aanguke mara moja tu, au asianguke kabisa. Ingekuwa picha nzuri zaidi ya mshindi. Kanisa likaona vema tupige goti mara tatu mbele ya anguko. Na watoto wetu wanaobeba mishumaa katika ibada hiyo, wakiwamo watumishi wa altare, wamelitazama tendo hilo tangu wakiwa wadogo. Tunawaelezaje kwamba Bwana alianguka mara tatu, halafu Dominika tunawaambia kwamba anayeanguka hana imani?

Jumanne jioni, baada ya Misa, tutakwenda nyumbani kwa wazazi wa kijana. Hatuendi kumhubiria. Tunamrudishia kanzu yake, ambayo mama mmoja wa WAWATA ameishona upya ukosi, na kumpa ujumbe wa kocha kwamba mazoezi ya penalti yataanza Jumamosi saa kumi alasiri, vijana wote kumi na wanane, mkwaju mmoja mmoja hadi jua lizame. Wanaotaka kusimama golini wanakaribishwa, isipokuwa Paroko, ambaye magoti yake mnayajua.

Mzee wetu tumemwonesha andiko hili kabla ya kulitoa, kama ilivyo haki. Alilisoma mara mbili. Amesema bado anaona kijana angeupiga mpira chini, upande wa kushoto wa kipa. Jumanne atafuatana nasi.